Anayekaza Nati Hapaki Rangi

Saa moja kasoro asubuhi, umande haujakauka uwanjani, na Mzee Kaza amepiga magoti kando ya gurudumu la nyuma la pikapu ya bluu. Jeki imeshateremshwa. Anavika spana ndefu kwenye nati, anaiegemea kwa uzito wake wote, anasubiri. Spana inalia tak, ishara kwamba nati imekaza inavyotakiwa. Anahamia nati inayofuata.

Akimaliza zote sita, anainuka na kurudi nyuma hatua mbili. Kopo la rangi nyeupe haligusi. Limeshikwa na mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani, ambaye tangu afike hajamtazama usoni.

"Fundi, sogea," anasema mwanamke huyo.

Ni dada yake, tumbo moja.

Mzee Kaza ana miaka hamsini na mbili. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, kwa kuwa kazi yake katika timu ni hiyo tu: kukaza nati za magurudumu. Nati ikishakazwa hupigwa mstari mwembamba wa rangi, kutoka kwenye nati yenyewe hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, maana yake nati imezunguka, na gari haliruhusiwi kuingia mbioni.

Mashindano haya ya pikapu yalianza miaka tisa iliyopita na magari saba, yote ya kubeba mizigo siku za kazi. Watazamaji wa kwanza walikuwa wake za madereva, na hata wao, anasema Mzee Kaza, walifuata kuhakikisha kwamba kweli waume zao wako mbioni. Mwaka huu zimeandikishwa pikapu arobaini na moja. Asubuhi hii foleni ya watazamaji langoni imezunguka ukuta na kupotea nyuma yake.

Ukiuliza kinachowaleta, muuza viatu mmoja aliyewahi nafasi kwenye uzio ana jibu lake.

"Yale magari ya mbio yaliyolala chini nayaona kwenye televisheni tu. Pikapu naijua. Ndiyo iliyonihamishia kitanda nilipooa, ndiyo iliyombeba mama yangu kwenda kuzikwa. Leo niambiwe inaruka matuta, halafu nikae nyumbani nafanya nini?"

Dereva wa pikapu ya bluu ni mtoto wa huyo dada. Mzee Kaza ndiye aliyemfundisha usukani, na ndiye aliyemwombea ruhusa ya kushindana.

"Dada alinijibu neno moja," anakumbuka. "Nakukabidhi mwanangu, umrudishe kama alivyo."

Hakumrudisha kama alivyo. Miaka minne iliyopita, katika raundi ya tatu, gurudumu la mbele lilichomoka kwenye kona, pikapu ikabingirika mara tatu. Kijana alivunjika mguu sehemu mbili. Alitembelea magongo miezi kumi na minne.

Kilichotokea Mzee Kaza anakieleza bila kujitetea. Gari likiwa juu ya jeki, nati hukazwa kidogo tu. Hukazwa barabara likishashuka chini, na rangi hufuata baada ya hapo. Siku ile magoti yalikuwa yanamuuma. Akaona akishapiga magoti, apake rangi papo hapo, na kukaza kwa spana aje kumalizia gari likishashuka, akiwa ameinama tu.

"Mara tukaitwa kupiga picha ya timu. Niliporudi gari lilikuwa limeshashushwa. Nikatazama, nati zote zina rangi. Nikasema moyoni, hapa nimemaliza. Rangi yangu mwenyewe ndiyo iliyonidanganya."

Kamati ya mashindano ilichunguza, ikaandika kwamba bolti zilikuwa zimechoka. Kwa hiyo Mzee Kaza hakulaumiwa kwa lolote. Siku ya tisa uzalendo ukamshinda. Alikwenda hospitali, akasema kila kitu mbele ya kitanda cha mgonjwa, kisha akaenda kukirudia mbele ya kamati. Alifungiwa misimu miwili.

"Kamati ilinifokea. Dada hakunifokea. Alikunja shuka la mwanawe taratibu, akanionyesha mlango."

Aliporudi kazini aliomba jambo moja: anayekaza nati asipake rangi. Wa kupaka rangi awe mtu mwingine, achaguliwe na dereva, naye aijaribu kila nati kwa spana kabla ya kuiwekea mstari. Madereva walicheka, wakamuuliza kama anaanzisha shule ya wapaka rangi. Leo timu zote arobaini na moja zinafuata utaratibu huo, na hakuna anayecheka.

Kijana sasa ana miaka ishirini na saba na anachechemea kidogo. Hizi ndizo mbio zake za kwanza tangu ajali.

"Nilimwambia mama, mjomba ndiye atakayekaza, na wewe ndiye utakayepaka," anasema, akifunga kofia ngumu. "Usipokuja, gari haliondoki."

Mama amekuja. Wiki hii alifika gereji mara tatu kujifunza spana, na kila alipofika Mzee Kaza aliombwa atoke nje. Alitoka.

Sasa wamefika gurudumu la mwisho. Mama anaijaribu nati ya nne, nayo inalia tak kama zilivyolia nyingine. Anasita.

"Arudie hii."

"Mama, imelia," anasema kijana.

"Nimeisikia. Arudie."

Mzee Kaza anapiga magoti, anailegeza nati, anaikaza upya, anampisha. Mama anaijaribu tena, kisha anapaka. Mstari unatoka umepinda.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza."

"Una hakika?"

Mzee Kaza analizunguka gari lote, akiinama kwenye kila gurudumu, huku mwamuzi akipiga filimbi ya kuwaita. Ndipo anaposema, "Nina hakika."

Mbio ni mizunguko kumi na miwili. Mama anaitazama yote, vidole vimeng'ang'ania uzio. Mzee Kaza hawezi. Amekaa kwenye tairi kuukuu, macho chini, akisikiliza injini moja kati ya arobaini na moja.

Pikapu ya bluu inamaliza ya ishirini na tatu. Hakuna anayeulizia nafasi. Kabla injini haijapoa, ndugu wawili wameshapiga magoti, huyu upande huu, yule upande ule, wanakagua mistari.

"Huku yote mizima," anasema dada.

"Na huku yote."

Dada anajipangusa vumbi, anamshika mwanawe mkono, wanaondoka bila kuaga. Mzee Kaza anawasindikiza kwa macho mpaka langoni. Ninapomuuliza ana mpango gani na msimu huu, anadhani nauliza jambo jingine, nami namwacha.

"Jumapili ijayo hakuna mbio. Nitakwenda kwake mapema. Akinifungulia nitaingia, asiponifungulia nitakaa nje mpaka afungue." Machozi yanamlenga, wala hayafichi. "Miaka minne alikuwa haniiti jina lolote. Leo ameniita fundi, na nashukuru. Lakini mimi nataka nirudi kuwa mdogo wake."