Lenzi Inayonenepesha Pembeni

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, wakati shemeji yangu, mpiga picha, aliponiletea habari: mama wa mke wa mwanangu, aliyetoka Opala kwa arusi, amefunga mizigo. Anaondoka bila kula kwetu, kwa sababu ya picha.

Nilinawa mikono, nikaitazama. Lenzi mpya ya shemeji, pana na ya bei rahisi, ilikuwa imeingiza ukoo mzima bila yeye kurudi nyuma hadi barabarani. Katikati, vifungo vya abakosti, makoti ya heshima ya wanaume, vilionekana kimoja kimoja. Lakini kwetu wazee husimama mwisho wa mstari, kama miimo ya mlango. Huko mwisho, uso wa mkwe wangu huyo wa Opala ulikuwa umevutika na kunenepa kama donge la unga wa mkate, tena una ukungu.

"Objectif, hii lenzi, iko muzuri, yaya," shemeji alijitetea, akiniita dada mkubwa. "Angalia katikati."

"Katikati hata kioo ya kuvunjika inaonyesha mutu. Lenzi inapimwa pembeni. Ita watu."

Mkwe alikuja na kifurushi mkononi. "Munataka kuninenepesha tena?"

"Hapana, mama. Wewe utakaa katikati. Kule pembeni nasimama mimi, mashavu niko nayo tayari."

Alicheka, akaweka kifurushi chini. Mwisho wa pili tulisimamisha kinu, ambacho kikinenepa hakilalamiki, na shemeji akapiga picha upya.

Kitu cha bei rahisi si lazima kiwe kibaya, ila ujue nani wa kumweka pembeni. Jioni nilipakua sombe, nikahesabu vichwa. Wote tulikuwepo, na mkwe aliomba kuongezewa.