Aliyepanda Gari Langu Siku ya Mvua ya Mawe

Sitaapa. Nimesoma sheria, na nilifundishwa kwamba kazi ya shahidi ni kueleza alichokiona kisha anyamaze. Basi nitakueleza nilichokiona saa kumi za alasiri, nikiwa sina homa wala usingizi, mikono yangu miwili iko kwenye usukani. Ukitaka kuniambia kwamba zilikuwa njozi, niambie baada ya kunisikiliza mpaka mwisho. Waliokwisha kuniambia hivyo ni wengi, na bado sijabadilisha hata neno moja.

Shangazi yangu anakaa Amerat, hapa Maskati, upande wa pili wa mlima ukitokea kwetu Ansab. Kwake alikuwa akifanya kazi Prossy, msichana wa Kiganda, rika langu hasa. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, na siku hiyo alikuwa na tiketi ya ndege ya saa mbili usiku. Kwao alimwacha binti mdogo kwa dada yake. Wiki chache kabla ya hapo, mtoto huyo aliacha kumwita mama kwenye simu. Alimwita Prossy, kama watu wengine wote. Prossy alinieleza jambo hilo huku akikunja nguo, bila kulia, nami nikamwahidi kwamba ndege ile hataikosa.

Nilipofika kumchukua, mvua ya mawe ilikuwa imekwisha kuanza.

“Aende wapi na hali hii?” Shangazi aliniuliza. “Husikii mawe yanavyopiga paa la banda la gari? Na Ramadhani hiyo inabisha hodi, nani atanisaidia jikoni? Mwambie asubiri. Mwakani, inshallah, ntampeleka mwenyewe.”

“Mkataba umekwisha, Shangazi. Na paspoti ni yake.”

“Unanisomea sheria nyumbani kwangu? Miye nimekufuta kamasi wewe.”

“Ulinifuta, na nashukuru. Paspoti iko wapi?”

Jicho lake lilikimbilia kabati. Lakini mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno lile: mwakani, inshallah. Nililisikia utotoni katika nyumba hiyo hiyo, likiambiwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Bi Tatu. Ndiye yaya aliyewalea baba yangu Nasoro na Shangazi huko Unguja, na jamaa zetu walipohamia Maskati walimchukua aje asaidie kidogo, mpaka watoto wazoee. Watoto wakazoea, wakakua, wakatuzaa sisi, na Bi Tatu akatulea na sisi. Kila mwaka alipanga nguo zake katika sanduku la bati na kuomba paspoti yake arudi kwao Makunduchi. Kila mwaka alijibiwa neno lile, kwanza na bibi yangu, halafu na Shangazi. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Kila mtu atakwambia kwamba alipendwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alifia chumba cha uani nilipokuwa na miaka saba, na sanduku lake likakutwa chini ya kitanda, limefungwa kwa kamba, tayari.

Kwa hiyo nilifungua kabati mbele ya macho ya Shangazi, nikaondoa kijaluba cha udi, nikaitoa paspoti ya Prossy na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

“Ukitoka na huyo leo,” Shangazi alisema, “usinijie tena.”

“Nimesikia, Shangazi.”

Nje, Prossy alikwenda kufungua mlango wa nyuma wa gari kwa mazoea, maana wafanyakazi wetu huwa tunawakalisha nyuma. Nikamwambia akae mbele. Aliniangalia kama niliyemwomba avunje kitu.

Barabara ya chini ilikuwa imekatwa na maji ya wadi, ule mto mkavu unaofurika mvua inyeshapo, ikabaki ile ya mlimani. Wewe unayeijua barabara ile unajua inavyopanda na kushuka kwa ghafla hata siku ya jua. Sasa ifikirie imefunikwa mawe ya barafu, mengine makubwa kama ndimu, yamelundikana kiasi kwamba lami haionekani na miamba myeusi ya pande zote mbili imegeuka myeupe tupu. Maskati hatujui barafu. Watu walikuwa wakikanyaga breki kwa woga na magari yao yakiwaponyoka kama sabuni mkononi. Mimi nilisoma miaka mitatu katika mji wa baridi huko Ulaya na kupatia leseni yangu huko, kwa mzee aliyenifundisha gia ya chini, mwendo wa pole, na mguu mbali na breki. Nikapanda kwa gia ya pili, nikipita magari yaliyosimama na taa za dharura zikimwekamweka. Prossy aliishika paspoti kwa mikono miwili juu ya mapaja yake.

Baada ya kilele, mwanzo wa mteremko wa kwenda Bausher, hapakuwa na magari tena. Palikuwa na mwanamke amesimama pembeni mwa barabara, amevaa abaya, ananyoosha mkono.

Ungempita? Mimi nisingeweza. Nikapunguza mwendo mpaka gari likasimama, nikamsalimia kwa Kiarabu, naye akaitikia kwa Kiarabu cha hapa hapa. Akaingia nyuma. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa na ukungu kidogo, na uso wake sikuuona vizuri. Niliona miguu tu alipoingia: haikuwa na viatu, na ilikuwa mikavu kabisa.

Hapo nikafanya kosa ambalo jamaa zetu wote wa Kizanzibari hulifanya katika mji huu. Tukitaka kumsema mtu mbele yake, tunasema Kiswahili, tukiamini kwamba hapo tumefunga mlango.

“Ana walakini huyu,” nilimwambia Prossy. “Usimtazame. Tutamshusha kituo cha petroli hapo chini.”

“Sister,” Prossy alinong’ona, “angalia vioo.”

Vioo vya madirisha ya mbele vilijaa mvuke wa pumzi zetu. Vya nyuma vilikuwa vikavu, safi, kama gari lisilo na mtu.

“Kituo cha petroli sina haja nacho,” ilisema sauti nyuma yetu, kwa Kiswahili cha Makunduchi. “Miye nakwenda kiwanja cha ndege, mwana wa Nasoro. Nna safari.”

Niamini, sauti ile ndiyo iliyoniogesha na kunilaza mpaka nilipofika miaka saba. Mwili wangu uliitambua kabla ya akili. Mguu ukaruka wenyewe juu ya breki, na yote niliyofundishwa yakapotea. Gari likazunguka juu ya barafu, mara moja, mara ya pili, taratibu kama mtu anayegeuka kitandani, likasimama limekingama barabarani, matairi ya nyuma hatua chache kutoka kwenye ukingo. Prossy alikuwa ameshika dashibodi. Mikono yake ilikuwa mitupu.

“Ah,” alisema Bi Tatu. “Kumbe ndiyo hii.”

Niligeuka. Alikuwa yeye, na pengo lake la mbele, na kucha ya dole gumba iliyovunjika zamani. Alikuwa akifungua kurasa za paspoti moja moja, kwa heshima, kama asomaye barua ya mtu wake.

“Picha si yangu,” alisema. “Lakini picha si kitu. Sanduku langu liko tayari miaka mingi. Huyu ni mtoto, ana nguvu, anaweza kusubiri. Mwakani, inshallah, na yeye atakwenda.”

Prossy hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, “Mama, nna mtoto.”

“Na miye nlikuwa naye,” Bi Tatu alijibu.

Hilo nilikuwa silijui. Miaka saba alinilea na hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kuniambia kwamba Bi Tatu alimwacha mtoto Makunduchi. Sijui kama kuna aliyemuuliza.

Niliogopa, sikatai. Lakini nilikuwa nimetoka kumkatalia Shangazi wangu aliye hai, mwenye haki ya kunilaani, na sikuona kwa nini nimkubalie aliyekufa jambo lile lile.

“Hapana, Bi Tatu,” nilisema. “Hiyo ni yake na utamrudishia.”

“Unaninyima na wewe?”

“Nakunyima. Ulionewa, na waliokuonea ni sisi. Haikuwa mvua wala makaratasi, wala ndege hazikukosekana. Bibi alikuzuia kwa sababu ulikuwa unatufaa, Shangazi akakuzuia kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nilikula mikononi mwako na sikuuliza. Unidai mimi. Niandame mimi mpaka kaburini ukitaka. Lakini Prossy hatalipa, na neno la mwakani halitasemwa tena ndani ya gari hili, hata na wewe.”

Mawe yaliendelea kupiga juu ya paa. Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nilipokataa kunywa dawa, akisubiri nani atachoka kwanza. Sikuyainamisha macho yangu.

“Umekuwa na ulimi,” alisema mwishowe. Akanyoosha mkono na kuiweka paspoti begani kwa Prossy. Prossy anasema mkono ule ulikuwa baridi kupita barafu. “Haya, nyoosha gari. Na huo mguu uutoe kwenye breki.”

Nikauondoa. Gia ya kwanza, taratibu, na matairi yakashika. Tukateremka mpaka kiwanja cha ndege. Tulifika saa kumi na mbili, na chini huko ilikuwa mvua ya kawaida tu. Prossy alishuka na sanduku lake, akazunguka kwenye dirisha la nyuma, akainamisha kichwa akasema, “Asante, mama.” Kisha akaingia ndani bila kugeuka. Siku hizi tunaandikiana. Binti alichukua miezi mitatu kabla ya kumwita mama tena.

Bi Tatu sikumwona akishuka.

Ndiyo maana nasema kwamba hakushuka. Nikiupita mteremko ule, taa ya mkanda wa kiti cha nyuma huwaka na kengele hulia, kuonya kwamba yuko abiria asiyefunga mkanda. Fundi alilipima gari mara mbili na hakuona hitilafu. Baba amenishauri niliuze, au nipite njia nyingine. Siuzi, na njia ni hiyo hiyo, kila Alhamisi, kwa makusudi. Namsalimia, nampa habari za Makunduchi. Nimeanza kumtafuta mwanawe huko, na nikimpata nitamweleza yote niliyokueleza wewe.

Wako wanaosema Bi Tatu ni mughayyab, mtu aliyechukuliwa na wachawi akafanywa aonekane amekufa machoni pa watu. Nakataa. Hakuna mchawi aliyemchukua Bi Tatu. Tulimweka sisi, kwa maneno matamu. Shangazi bado hasemi nami. Lakini nilipompelekea habari ya mtoto wa Makunduchi, kwa kusimama mlangoni tu, alikaa chini palepale, na binamu yangu ananiambia kwamba msichana mpya wa jikoni anaiweka paspoti yake mwenyewe, chini ya mto wake.

Sasa nakugeukia wewe. Kama ndani ya kabati lako mna paspoti isiyo yako, ifungulie leo, kabla hujamaliza kutafuta sababu. Usimwambie mtu mwakani. Mvua ya mawe hainyeshi mara nyingi Maskati, lakini barabara ile ipo kila siku, na mimi huipita kila Alhamisi. Nyuma ya gari langu kuna nafasi tatu. Mbili bado ziko wazi, na sitaki kuja kumkuta mtu wako amesimama pale, miguu mikavu, akininyooshea mkono.