Nyimbo tatu za marehemu mdogo wangu zimebaki kwenye simu yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi na mama yangu Mwankoko, hapa Singida. Nyumbani mimi ndiye mjuaji wa kila kitu, na ujuaji huo ndio umenifikisha hapa.

Nilikuwa naimba na mdogo wangu wa kike. Mwaka jana tulirekodi nyimbo tano kwenye studio moja ya mjini. Yeye alitaka tutoe EP, yaani zote tano zitoke siku moja kama albamu fupi. Nikakataa. Nilimwambia EP ni ya wasanii wenye jina; sisi wachanga tukizitoa kwa mkupuo, watu watasikiliza wimbo wa kwanza tu. Nikapanga tutoe singo, wimbo mmoja kila baada ya miezi mitatu.

Alikuwa anaumwa figo, ila bado alicheka na kupepeta alizeti na mama kama kawaida. Akaniambia, "Dada, mimi hiyo miezi unayoipanga sina." Nikamjibu, "Wewe hujui kusubiri tu." Jibu hilo linanichoma mpaka leo.

Singo ya kwanza ikatoka. Ya pili ilimkuta amelazwa, akaisikilizia wodini kwenye simu yangu. Wiki iliyofuata tukamzika.

Zimebaki tatu. Niliamua zitoke pamoja siku ya arobaini yake, angalau apate EP aliyoitaka. Nikamweleza mama. Yeye hajui singo wala EP. Anachojua ni kwamba baada ya muda fulani binti yake anatoka na wimbo mpya. Alikuwa anachambua mlenda, akasema, "Usizimalize, mwanangu. Nikizisikia zote siku moja, nitabaki nasubiri nini?"

Niliingia chumbani nikalia. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza kama wimbo unaofuata umekaribia, na uso wake unachangamka akiuliza.

Arobaini ni wiki ijayo na prodyuza anataka jibu. Nikitoa moja moja, nitakuwa nimemkatalia mdogo wangu kwa mara ya pili. Nikizitoa zote, asubuhi inayofuata mama ataniuliza tena, na itabidi nimwambie zimeisha. Ndugu zangu, hasa mliowahi kufiwa, nishaurini. Nimjibu nini prodyuza?