Salamu za Adabu kwa Mama Mapasa

Nilipojifungua mapasa, yaani mapacha, matusi yalianza kabla sijatoka hospitali. Ndiyo desturi yetu watu wa kaskazini mwa Katanga: baba na mama mapasa hutukanwa kwa nyimbo, tena matusi ya chumbani, ili watoto wapate nguvu. Kuwasalimia kwa adabu ni kuwatakia mabaya. Mama mkwe wangu yuko Kongolo, na barabara ya huko ni mateso matupu, kwa hiyo alitutukana kwa simu, akirekodi nyimbo na kuzituma kwenye kundi la familia.

"We mama mapasa wa tamaa, mutoto moya haikukutoshea? Na ule bwana yako, mbuzi dume!"

Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Kisha redio ikasema serikali inapendekeza mashine ipekue ujumbe wa watu, isake matusi na uchafu. Wageni wa redio wakabishana, huyu anataka usalama, yule anatetea siri za watu. Mume wangu, karani wa serikali kwenye komini yetu, hakungoja sheria ipite. Alimpigia mama yake.

"Mama, acha kutukana mu telefone. Ile masini haiyue desturi ya mapasa. Itasikia matusi tu, na mi niko mu kazi ya Leta, ya serikali."

Nilimwita mwoga. Lakini woga huambukiza. Na mimi nikaanza kufuta zile nyimbo, huku nikitazama mlango kama mwizi, nyumbani mwangu mwenyewe.

Kundi likanyamaza. Haikupita wiki, yule pacha mdogo akashikwa na homa. Mimi ni Mkatoliki, siamini mambo ya laana. Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa. Bado niliogopa, tena sana. Mchana simu ikalia, ni sauti ya mama mkwe kwenye kundi.

"Jambo, mama. Nasikia mutoto eko mugonjwa. Mungu atasaidia."

Tangu nizae hakuwa amenisalimia hivyo, kwa adabu. Mume wangu alinyoosha mkono achukue simu, nikamgeuzia mgongo, nikajirekodi.

"Papa mapasa, mbuzi dume weye! Na mi bibi yako, tamaa tupu!"

Nikatuma.

Alama zikageuka buluu. Wote walikuwa wamesikiliza. Nilingoja hata shangazi mmoja acheke. Mwishowe mama mkwe akajibu, peke yake.

"Aksanti, mama. Mungu akubariki."

Nikamgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa bado la moto.