Kifungo Kilichoibuka Bakulini

Miaka ya vita, pale Changamwe, ilizagaa habari kwamba mganga mmoja wa Mikindani ana maji yanayoita vitu vilivyopotea. Wengine waliamini nusu nusu. Mimi niliamini yote na chenji juu, kwa kuwa nilishuhudia. Mganga aliweka kifungo katika bakuli la bati, akaturudisha nyuma kidogo kidogo mpaka ukingo ukakificha.

"Mwakiona?"

"Hatukioni!"

"Simameni papo hapo."

Akamimina maji ya kibuyu chake, taratibu, na kifungo kikaibuka bila kuguswa. Watu elfu tano walipiga ukelele. Haya, tulikuwa thelathini, lakini ukelele ulikuwa wa elfu tano.

Sasa, jirani yangu, mama mjane aliyetushonea viraka mtaa mzima, maana nguo mpya zilikuwa adimu kama wali wa daku, akapotelewa na mbuzi wake wa maziwa. Nani alimpeleka kwa mganga? Mimi. Na mganga alitaka nini ili maji yamwite mbuzi? Cherehani, ile ile iliyomlisha mama na wanawe. Wakaagana aje kuichukua Jumapili baada ya kanisa.

Jumamosi nami nikataka kuonja uganga. Nilikuwa nimembembeleza mganga akanipa maji yake kidogo, ya kujaa kizibo. Nikatia kifungo cha shati bakulini, nikachuchumaa mpaka kikapotea, mke wangu akamimina. Hayakukilowesha hata kifungo. Mke wangu hana subira. Akachota kata nzima mtungini, akamwaga. Kifungo hicho, kimeibuka!

"Umetia nini?"

"Maji ya kupikia. Wanikodolea nini?"

Jumapili niliondoka kanisani kabla ya baraka, Mungu anisamehe. Nilikuta mganga kawahi, cherehani iko kichwani mwa mchukuzi wake na watu wamejaa uani kwa mama.

"Ngoja!" nikasema. "Na mimi nina dawa."

"Huyu wa shule ya jioni!" mmoja akacheka. "Juzi kaijua alifu, leo mganga!"

Nikachota maji katika mtungi wa mama mwenyewe, wote wakiona. Nikatia kifungo bakulini, nikamchuchumaza mama nyuma ya bakuli mpaka kifungo kikamfichika. Nikamimina.

"Lo! Kile pale!" mama akaruka. "Kwa maji yangu mwenyewe?" Akamgeukia mchukuzi. "Tua cherehani yangu, mwanangu. Tua sasa hivi!"

Mganga akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa Miritini. Mimi nilibebwa juu juu, juu hata nikaiona bahari yote mpaka Bara Hindi. Mbuzi hajaonekana hadi leo, lakini alasiri ile cherehani ililia mtaani kama ngoma ya arusi, na kiraka cha kwanza kilikuwa cha suruali yangu, bure.

Jumatatu jioni nikasimama mbele ya darasa, kifua mbele, nikatangaza uvumbuzi wangu: si dawa, jamani, maji yoyote yana nguvu ya kuinua kifungo!

Mwalimu wetu, aliyekuwa karani wa mizigo mchana, akaweka chaki mezani.

"Kaa, bwana. Kifungo hakikuinuka hata unywele mmoja. Nuru itokayo kwacho ndiyo iliyopinda, ilipotoka majini kuingia hewani, ikapita juu ya ukingo ikafika machoni."