Mistari Elfu Nne ya Mkwe

Mama Mistari hamwamini mtu. Ukimwambia chai ina sukari, ataionja kwanza. Mwaka wa sita huu nakaa meza iliyo jirani na yake, na bado hukagua kazi yangu kana kwamba nimeajiriwa jana. Tunatunza kiini cha mfumo unaoendesha pampu za dawa, zile zinazompa mgonjwa dripu kwa kipimo. Programu nyingine zote zimekalia kiini hicho. Kikikosea, zote zimekosea.

Jina la utani alilipata kwa sababu ya mpangilio. Kila faili na folda yake, kila mstari wa msimbo, yaani wa maagizo ya kompyuta, na nafasi yake. Kompyuta, atakuambia, inasoma mabano tu, zile alama zinazofunga maagizo pamoja. Binadamu anasoma mpangilio, na mpangilio ukidanganya, macho nayo yamekwisha. Sheria yake kuu: anayepanga asirekebishe, na anayerekebisha asipange. Kila kazi iletwe peke yake, ionekane.

Jumatatu moja ikaletwa kazi ya mistari elfu nne, yenye maelezo mafupi: nimepanga tu, hakuna kilichobadilika. Aliyeileta ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, aliyejiunga nasi mwaka jana. Mtu wa heshima kupita kiasi. Akimwona mama mkwe kwenye korido, hugeuza njia. Heshima ya namna hiyo mimi hunitia wasiwasi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Mistari naye alishaingiwa na shaka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kumwona mkwe akiongea na washindani wetu. Nikajibu sijui, lakini kwa namna ya kuchochea, maana jamaa alininyang'anya kiti cha dirishani. Siku mbili hakupokea simu za binti yake; hakujua amwambie nini. Ijumaa toleo jipya lilikuwa liende hospitalini. Ama amkatae mkwe mbele ya ofisi nzima, kibarua cha kijana kiote nyasi, ama apitishe kitu asichokiamini.

Alhamisi asubuhi akaiambia kompyuta ilinganishe msimbo wa zamani na mpya bila kujali nafasi wala mistari iliyohama. Elfu nne yote ikayeyuka. Ikabaki jozi moja ya mabano.

"Nilijua," akasema, akamwita.

Mkwe akasimama mlangoni, macho kwenye viatu. Mama Mistari akamgeuzia skrini, akamuuliza ametumwa na nani.

"Sijatumwa, mama. Hebu tazama hayo mabano yanafunga nini."

Tukatazama. Mstari wa kwanza ulisema nesi akibonyeza kitufe, kengele inyamaze. Wa pili, uliosogezwa ndani vizuri kabisa chini yake, ulifuta onyo la hewa kwenye mrija, hewa inayoweza kuua ikifika mshipani. Kwa macho, yote miwili ilisubiri kitufe. Lakini palikosekana mabano ya kuifunga pamoja, kwa hiyo kompyuta ilimsubiri nesi kwa ule wa kwanza tu. Pampu ikipiga kengele ya jambo lingine, onyo la hewa lilifutika kimya kimya, hata kama nesi hajagusa kitu. Kando ya mstari palikuwa na jina la mwandishi wake na mwaka. Ni Mama Mistari, miaka tisa iliyopita. Nyani haoni kundule, na mimi nimeupitia mstari huo sijui mara ngapi.

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama? Wewe umenizalia mke. Nikasema niufiche mstari huu katikati ya mingine, utengenezwe, yaishe."

Niliona aibu, tena aibu ya mchochezi.

"Yangeisha vipi?" akauliza Mama Mistari. "Pampu za zamani ziko wodini. Nani angewaambia manesi?"

Mama akaikataa kazi yote ya elfu nne. Akaandika mabano mawili kwa jina lake mwenyewe, na chini yake maelezo: kosa ni langu, limedumu miaka tisa, aliyeligundua ni mkwe wangu. Kisha akamwashiria avute kiti, akae karibu naye, akapiga simu hospitali ya kwanza kwenye orodha. Akaomba nesi mkuu.

"Nisaidie jambo," akasema. "Tangu mpokee pampu zetu, kuna mgonjwa mliyempoteza mkakosa sababu?"

Nesi mkuu akamwambia asubiri, akalete faili la mgonjwa.