Mkwe Darasani, Maro Jikoni

Cheti changu cha ualimu kilikuwa kimekaa kabatini miaka sita, na sasa, karibu na Karungu, kijijini kwa wakwe zangu, shule ilitafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Jina langu ndilo lililoongoza orodha ya bodi ya shule.

Siku ya wazazi kupiga kura, tulikutana nao darasani, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Afisa wa elimu alikuwa mzaliwa wa Kehancha asiyejua Dholuo, lugha yetu, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili.

Mzee mmoja, ambaye mpwa wake naye aliomba kazi hiyohiyo, akasimama. "Afisa, huyu ni mkwe wetu. Maro wake, mama ya bibi yake, ndio anapikia walimu hapa. Sasa mkwe atakula mbele ya maro? Na ugali ikitoka mbichi, atamwambia nini?"

Darasa likachafuka. Wengine walicheka, wengine waliguna, na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana mzee alikuwa amenipata pabaya. Kwetu mkwe na maro huheshimiana kwa kukaa mbali. Tangu nioe sijawahi kula mbele yake.

Kisha nikasikia sauti ya maro huko nyuma. Sikugeuka.

"Mimi napika jikoni, yeye atafundisha darasani, katikati kuna ukuta. Watoto wamekaa bila mwalimu tangu shule ifunguliwe. Hiyo heshima yenu imewafundisha kusoma?"

Afisa akaniuliza kama nina la kusema. "Maro amesema," nikajibu. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mara mbili kwa kuwa yule mzee alidai, na kazi nikaipata.

Siku yangu ya kwanza, saa saba mchana, mwiko uligonga dirisha la darasa langu. Nilipofika, maro alikuwa keshaondoka. Aliacha sahani iliyofunikwa: ugali, sukuma wiki na samaki mzima, ilhali walimu wenzangu walipata sukuma tu. Nikamega tonge. Ugali ulikuwa mbichi katikati, yeye aliyepika shuleni hapo miaka nenda miaka rudi. Nadhani alipika kwa hofu, kama mimi nilivyovunja chaki mbili ubaoni asubuhi.

Nikala wote, nikarudisha sahani tupu dirishani.